Sangara Mdogo Haokolewi Mchangani

Sangara wa sentimita 35 akikutwa kwenye wavu alfajiri, mara nyingi ameshakufa. Kumrudisha majini hakumfufui, na kumficha chini ya wenzake hakumkuzi. Kwa hiyo ukomo wa sentimita 50, ambao kila mvuvi wa Ghuba ya Speke ameusikia, hautekelezwi mchangani. Unatekelezwa siku nyavu zinaponunuliwa, na siku mnunuzi anaposema atapokea samaki wa ukubwa gani. Wavuvi, mawakala, wachuuzi na sisi walaji wa Magu tunahusika na siku hizo mbili.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: sangara asiyefikia sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kusafirishwa wala kuuzwa. Tanzania, Kenya na Uganda husimamia ziwa kwa pamoja kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa 1994 na lenye makao yake Jinja. Huko nchi zetu zilikubaliana avuliwe sangara wa kati ya sentimita 50 na 85, ili wadogo wakue na wakubwa wazae. Kikomo cha juu kimezua mjadala mrefu hapa nchini, na kanuni hurekebishwa. Kabla hujanunua zana, muulize afisa uvuvi ni kipi kinachotumika sasa. Kikomo cha chini sioni cha kukijadili.

Tazama maumbile ya samaki huyu. Dume hukomaa akiwa na takriban sentimita 50 hadi 60. Jike huchelewa, na wengi hawatagi mpaka wakaribie sentimita 80. Hata sangara wa 50 unayemuuza kihalali, akiwa jike, huenda hajataga hata mara moja. Jike mkubwa naye hutaga mayai kwa mamilioni, ndiyo sababu biashara ya mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, inanitia hofu: bei yake katika soko la China imemfanya mzazi huyo awe ndiye anayewindwa zaidi.

Piga pia hesabu ya mfuko. Samaki akirefuka mara mbili, uzito wake huongezeka kama mara nane. Sangara wa sentimita 30 ana kama theluthi moja ya kilo. Akifika 60 anavuka kilo mbili. Anayevua wa 30 leo, kwa petroli ileile na usiku uleule wa baridi, amejinyima sehemu kubwa ya mavuno yake mwenyewe.

Wapo wanaosema ziwa ni kubwa, haliishiwi samaki. Historia inawapinga. Nyavu za makila zilipoingia ziwani mwaka 1905, wavu mmoja uliweza kunasa ngege 25. Mtafiti Michael Graham alipopima mwaka 1927 na 1928, wavu kama huo katika maji yaliyovuliwa sana ulipata kati ya 5 na 7. Akapendekeza jicho la wavu lisipungue inchi 5. Ukomo ukawekwa, ukasimamiwa kwa taabu, kisha katika miaka ya 1950 Tanganyika na Uganda zikauondoa. Wavuvi wakashukia macho madogo zaidi, na ngege akazidi kutoweka. Wakati huo sangara ndiyo kwanza alikuwa analetwa ziwani. Alikuja kutapakaa miaka ya 1980, na furu wakapukutika kwa mamia ya aina. Ngege alikuwa ameshadhoofishwa na nyavu kabla sangara hajamfikia. Ningu, aliyekuwa akipanda mitoni kutaga wakati wa mvua, alimalizwa kwa kutegewa kwenye midomo ya mito, akiwa na mayai tumboni.

Magu ina mdomo wa mto wa namna hiyo. Mto Simiyu unaingia kwenye Ghuba ya Speke hapa kwetu, na maji ya kina kifupi yenye mafunjo ndiyo malezi ya sangara wachanga. Sato dume naye huchimba viota vyake kwenye maji ya namna hiyo. Kokoro likiburutwa hapo halichagui: linazoa wachanga na kufukia viota. Kokoro na nyavu za timba zimepigwa marufuku, na ukikuta mwenzako anazitumia karibu na mafunjo, hiyo si siri ya kijiji ya kutunziana. Kiambie kikundi cha usimamizi wa mwalo wako (BMU). Kimeundwa kwa kazi hiyo.

Ukienda kununua wavu, livute jicho mpaka likaze, upime kutoka fundo hadi fundo linalolikabili. Usiamini maandishi ya kifurushi. Inchi 7 huwaachia wadogo njia ambayo inchi 5 inawafungia. Kwa migonjo, chagua ndoana kubwa na chambo kikubwa, sangara mchanga asiweze kukimeza. Mwaloni, mlaze samaki kwenye ubao ulionyooka, mdomo umefungwa, upime kuanzia ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Kamba ikipita juu ya tumbo itakuongezea sentimita zisizokuwapo.

Neno gumu zaidi ni la wakala. Wavuvi wengi hawana nyavu zao. Wamekopeshwa pamoja na injini, na deni linalipwa kwa samaki. Wakala akimpokea wa sentimita 40, hata kwa bei ya chini, amemwamuru mvuvi atege macho madogo. Kiwanda kikimkataa mdogo, bado kuna anayemkausha kwa chumvi. Ningependa msimamizi aanze na watu hawa kabla ya kuchoma wavu wa kijana asiye na mtumbwi.

Kubana uvuvi kunawezekana. Huko Marekani, jimbo la Maryland lilifunga kabisa uvuvi wa besi wa mistari mwaka 1985 hadi 1990. Mwaka 1995 samaki huyo akatangazwa kuwa amerudi. Kwetu Ziwa Tanganyika lilipumzishwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei.

Nawe unayekwenda sokoni Kisesa au Magu mjini: sangara wa kulingana na kiganja chako ukimkuta kwenye beseni, mwache. Nunua dagaa, anayezaliana upesi na kwa wingi, na mwambie muuzaji kwa nini umemruka yule mwingine.