Msifungue shule tatu sebuleni

Leo namjibu mama mmoja mwenye watoto watatu: binti wa miaka 12, mvulana wa 8, na kitindamimba wa 4. Ameamua kuwasomesha nyumbani, na wiki ya tatu tu sauti imemkauka na nyumba haikaliki. Nilipomsoma nilicheka, lakini si yeye niliyemcheka. Nilijiona mimi, mwaka 2020.

Mnaikumbuka Machi ile. Shule za Kenya zilifungwa ghafla. Oktoba wakarudi darasa la nne, la nane na kidato cha nne, wengine wakangoja hadi Januari 2021. Nami hapa Mombasa, na wangu watatu, nikajiona hodari. Nikachora ratiba ya rangi, nikaibandika kando ya friji: saa mbili hisabati, saa tatu Kiingereza, saa nne sayansi, kila mtoto na kitabu cha darasa lake. Saa tatu haijagonga, mkubwa aniuliza desimali, wa kati amekwama kwenye kugawanya, mdogo ameshamaliza kuchora nyuki kwenye kochi. Nilikuwa nimefungua shule tatu ndani ya sebule moja, mwalimu ni mmoja, tena ana maharagwe jikoni.

Kilichoniokoa nilikijua tangu utotoni: chuoni. Aliyepita madrasa ya mtaani atanielewa. Mkeka mmoja, mwalimu mmoja, watoto wa kila umri. Huyu yuko kwenye alifu, yule juzuu amma, mwingine anakaribia kuhitimu. Kila mtu anasoma chake kwa sauti, na mwalimu anawaita mmoja mmoja awasikilize, dakika chache, haya, nenda. Mdogo anazisikia sura za wakubwa kila siku hata zinamkaa kabla zamu yake haijafika. Maria Montessori alipofungua shule yake Rome mwaka 1907 naye aliwachanganya watoto wa umri mbalimbali, na dunia ikamsifu. Sawa, anastahili. Ila walimu wetu wa chuo hawakumngoja.

Kwa hiyo, bibiye, watenganishe kwa hisabati na kusoma tu. Hayo mawili ni ngazi, huwezi kuruka kidato. Kaa na mmoja dakika 20, wengine wakiwa na kazi isiyokuhitaji. Na anza na mdogo. Wengi hufanya kinyume, humwacha mwisho kwa kuwa kazi yake ni nyepesi, kisha hushangaa mbona anavuta gauni. Akishakupata wewe mzimamzima asubuhi, atakuachia nafasi. Sayansi, historia, jiografia na hadithi wafundishe pamoja, kila mmoja achote kwa kimo chake.

Nikupe mfano. Masharti ya korona yalipolegea, tulisoma maji. Tulianza mwezi ulipoandama, tukaenda ufuoni na daftari moja. Siku za bamvua maji hapa kwetu hupwa mbali kwenye saa nne asubuhi hivi, miamba yote nje, basi hapo ndipo pa kuanzia. Mdogo kazi yake ilikuwa kuuchora mwezi kila jioni na kuokota kombe. Wa kati aliandika saa ya maji kupwa, na siku ya nne akaja mbio: mama, maji yanachelewa! Kweli, kila siku hukawia kama dakika 50 kuliko jana. Sikumjibu kwa nini. Nilimwambia aangalie mwezi nao unatoka saa ngapi. Mkubwa nikampa lililo zito: kwa nini bamvua huja mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, na maji mafu ukiwa nusu? Alihangaika na machungwa mawili na taa ya mezani hadi akapata kwamba jua na mwezi, vikiwa mstari mmoja, huvuta pamoja, na vikikaa kwa pembe mraba, nguvu hupunguzana. Wiki mbili, somo moja, watoto watatu. Mvuvi mmoja mzee alipita akawasahihisha mambo mawili, bure. Kama uko bara, una mvua, una shamba, una bei za soko. Hata mahamri: mdogo ahesabu, wa kati agawe unga, mkubwa apige faida.

Sasa niseme la moyoni, maana nimeona ulivyoandika kwamba binti yako “anakusaidia sana”. Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Niliwasomesha wadogo zangu hesabu huku nakoroga uji, nikasifiwa mtoto mwema, na hakuna aliyeuliza nani ananisomesha mimi. Mkubwa kumweleza mdogo ni jambo zuri, kwani anayeeleza ndiye anayegundua kwamba hakuelewa vizuri. Lakini iwe mada moja, robo saa, kisha aachwe. Awe na saa yake ya kusoma, mlango umefungwa, na mdogo akibisha umchukue wewe. Tena jichunguze: huyo mvulana wa miaka 8 anajua kusoma. Mbona si yeye anayemsomea kitindamimba hadithi?

Jambo jingine la haraka kabla sijasahau. Kenya ina Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na inambana mzazi kuhusu mtoto kwenda shule. Pita ofisi ya elimu ya kaunti yako, uulize msimamo wako na mahali binti atakaposajiliwa mitihani, upewe jibu kwa maandishi. Mlio ughaibuni pia msiigane: Uingereza inaruhusu, Marekani inaruhusu lakini kila jimbo lina masharti yake, Ujerumani kwa kawaida hairuhusu kabisa.

Jumatatu, kama nawe umebandika ratiba, ibandue. Usibandike nyingine wiki nzima. Andika tu jioni kila mmoja alifanya nini, uone mwenyewe siku yenu ina umbo gani. Binti mpe ufunguo wa chumba. Na ukipita dukani nunua kalamu za rangi za kuosheka kwa maji, kwa sababu kochi langu hadi leo lina nyuki.