SOMO LA BIOLOJIA: Bakteria inayopitia kwa mama



Mukisikia neno bakteria, munafikiri mara moja ugonjwa: kipindupindu, kifua kikuu. Leo tutaangalia moja isiyopitia katika maji wala katika kukohoa. Inapita ndani ya yai, toka mama mpaka mtoto. Jina lake ni Wolbachia. Hertig na Wolbach waliiandika mara ya kwanza mwaka 1924, waliyoiona ndani ya mbu huko Marekani. Iko pia ndani ya inzi wadogo wa matunda, wale munaowaona juu ya ndizi iliyoiva sana ao karibu na mtungi wa kasiksi.

Sasa ulizo. Baba hapitishi bakteria hii kwa watoto. Mama naye hapitishi kwa wote: kwa inzi Drosophila simulans wa Kalifornia, karibu mayai 4 juu ya 100 yanatoka bila bakteria. Ni kidogo, lakini mufanye hesabu. Kisha vizazi 50, kama hakuna kitu kingine, ingebaki kwa inzi 13 juu ya 100. Juu ya nini haimaliziki?

Ni kwa sababu ya ujanja mmoja mkali. Wolbachia inageuza mbegu ya dume. Mbegu ile ikiingia katika yai lisilo na bakteria, mara nyingi yai linakufa. Kule inje porini, karibu nusu ya mayai ya namna hiyo yanapotea. Yai lenye bakteria linapona.

Tuchukue majike 100: 94 wako na bakteria, 6 hawana. Kila mmoja anataga yai moja. Wale 94 wanatoa mayai 90 yenye bakteria na 4 bila. Tuongeze yale 6: yote yasiyo na bakteria ni 10. Madume karibu wote wako nayo, basi karibu nusu ya yale 10 yanakufa, yanabaki 5. Kwa jumla 95, na 90 kati yao yako na bakteria. Ni karibu 94 juu ya 100 tena! Na ndiyo hesabu iliyopatikana kweli katika inzi wa Kalifornia.

Lakini muangalie vizuri: madume wenye bakteria wakiwa wachache, ujanja huu hauna nguvu. Wakiwa wengi, unakimbia sana. Turelli na Hoffmann walionyesha mwaka 1991 kwamba bakteria ilipanda Kalifornia kuelekea kaskazini, zaidi ya kilometa 100 kwa mwaka.

Kuna bakteria zingine zinazobaki kwa kusaidia. Spiroplasma inakaa ndani ya inzi wa uyoga wa Amerika ya Kaskazini, Drosophila neotestacea. Mnyoo mmoja unawafanya majike wasizae. Wenye Spiroplasma wanazaa hata mnyoo ukiwa ndani.

Wataalamu walichukua Wolbachia ya inzi wa matunda, wakaiweka ndani ya mbu Aedes aegypti, anayeeneza homa ya denge. Ndani ya mbu huyo virusi haviongezeki vizuri. Katika muji wa Yogyakarta, Indonesia, matokeo ya 2021 yalionyesha denge imepunguka kwa 77 juu ya 100. Mbu wa malaria ni Anopheles, ni mwingine kabisa. Musiwachanganye siku ya mtihani.