Maswali Yanayotangulia Kidonge cha Kuzuia Mimba

Kidonge cha kuzuia mimba chenye homoni mbili kiliidhinishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1960. Kwa kuwa ni kidogo na humezwa nyumbani, wako wanaodhani kwamba chaweza kuazimwa kwa jirani kama chumvi. Makala haya yanaeleza kwa nini daktari au muuguzi hana budi kuuliza maswali kabla ya kukitoa.

Namna Kinavyofanya Kazi

Homoni zilizomo ni estrojeni na projestini. Hizo huchukuliwa na damu hadi kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, na kuizuia isitoe homoni zinazopevusha yai. Yai lisipotoka katika ovari, mimba haitungwi. Aidha, projestini huufanya ute wa mlango wa uzazi kuwa mzito, hata mbegu za kiume zikashindwa kupenya. Kidonge kikimezwa bila kukosea, hupata mimba mwanamke asiyefika 1 kati ya 100 kwa mwaka. Kwa matumizi ya kawaida, ambayo huwa na kusahau, hupata mimba 7 hivi.

Chanzo cha Hatari

Estrojeni hulichochea ini kutengeneza kwa wingi protini zinazogandisha damu. Damu ikiganda ndani ya vena ya mguu, bonge laweza kukatika, likasafiri hadi mapafuni na kuua. Vidonge vya kwanza vilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni. Mwaka 1969 Uingereza ilishauri zisizidi 50, na leo vingi vina 20 hadi 35.

Hatari imepungua, lakini haikwisha. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge, 2 hivi hupatwa na mgando huo kwa mwaka. Kati ya watumiaji, 5 hadi 12. Ujauzito wenyewe una hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo mwanamke mwenye afya hana sababu ya kukiogopa kidonge. La msingi ni kumtambua yule ambaye hakimfai.

Nani Hakimfai?

Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kidonge hiki hakifai kwa:

(a) mvutaji wa sigara mwenye miaka 35 au zaidi;
(b) mwenye shinikizo la damu la 140/90 au zaidi;
(c) aliyewahi kupatwa na mgando katika vena, kiharusi au ugonjwa wa mishipa ya moyo;
(d) mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mimweko machoni;
(e) mwenye saratani ya matiti au ugonjwa mkali wa ini;
(f) anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6.

Tena, rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini livunje homoni upesi, na kidonge kikakosa nguvu.

Yote haya hayahitaji maabara: yatosha maswali machache na kipimo cha shinikizo la damu. Asiyefaa hupewa njia nyingine, kama kitanzi cha shaba au kondomu, ambayo pia hukinga UKIMWI. Naye mtumiaji akivimba mguu mmoja au akibanwa kifua ghafla, aende hospitali mara moja.

Zoezi: Eleza kwa nini dada wawili wa tumbo moja hawapaswi kugawana pakiti moja ya vidonge.