Gunia Si Ngozi: Kushona Mavazi ya Kale kwa Somo la Historia

Mwalimu wa historia katika shule ya msingi hutumia maneno, picha na ramani. Zana hizo ni njema, lakini iko nyingine ambayo huweza kutayarishwa nyumbani wakati wa jioni kwa sindano na uzi, nayo ni vazi la kale. Katika Ulaya na Marekani wako watu wanaoshona mavazi ya karne zilizopita kwa kujifurahisha tu, na hubishana kwa bidii juu ya kitambaa, rangi na hata aina ya mshono. Kwetu sisi walimu burudani hiyo yaweza kugeuka kuwa somo. Katika makala haya tunaeleza jinsi mwanachuo anayejiandaa kufundisha katika Mkoa wa Singida anavyoweza kuifanya kazi hiyo, na jambo ambalo hana budi kulichunga.

Hatari ya vazi la uongo

Neno lililokosewa darasani husahihishwa kesho yake. Vazi halisahihishwi kwa urahisi huo, kwani mtoto amekwisha kulivaa, wenzake wamelicheka, na wazazi wamelitazama siku ya kufunga shule. Mara nyingi katika michezo ya kuigiza mababu huvishwa gunia lililochanika. Hapo mtoto hufundishwa, pasipo neno hata moja, kwamba waliomtangulia walikuwa mafukara wasio na ufundi.

Ukweli ni mwingine. Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo walikuwa wakulima wenye mifugo, na kutengeneza ngozi ilikuwa kazi ya ustadi. Ngozi ilikwanguliwa, ikasuguliwa na kupakwa mafuta mpaka ikalainika, kisha ikaweza kupambwa kwa shanga. Gunia halilingani nayo hata kidogo.

Wala aibu ya vazi si jambo jepesi. Mnamo mwaka 1967 na 1968 viongozi katika Mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache mavazi yao ya asili, kana kwamba maendeleo ya mtu hupimwa kwa suruali. Mwalimu asije akalirudia jambo hilo jukwaani bila kukusudia.

Hatua ya kwanza: Kuchagua mahali na mwaka

Neno "zamani" halitoshi, kwa sababu haliwezi kushonwa. Chagua mahali pamoja na mwaka mmoja. Tuchukue mfano wa ukingo wa Mgunda Mkali, mwaka 1871. Nyika hiyo ilitenga Ugogo na Unyamwezi, na sehemu yake kubwa imo katika eneo la Manyoni na Itigi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita huko. Burton na Speke walipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Wapagazi walibeba vitambaa, shanga na masango, na watawala wa Ugogo walitoza hongo ambayo ililipwa hasa kwa vitambaa. Basi watu wa njia hiyo walikijua kitambaa kabla ya utawala wa Wajerumani, na shuka na ngozi vilionekana mahali pamoja.

Kitambaa kilichojulikana sana kiliitwa merikani. Kilikuwa cha pamba, kizito, kisichopaushwa, na kwa miaka mingi kililetwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem, Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, vya mwaka 1861 hadi 1865, viliivuruga biashara hiyo, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata nafasi. Kingine kilikuwa kaniki, chenye rangi nzito ya nili. Kanga zilitokea pwani mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo hazimo katika mchezo wetu. Kadhalika hakimo kitenge, wala zipu, wala kifungo cha plastiki.

Hatua ya pili: Kutafuta ushahidi

Chora mistari ya safu mbili katika daftari. Katika safu ya kwanza andika "Tunajua", katika ya pili "Tumekisia". Kila sehemu ya vazi iingizwe katika safu mojawapo. Waulize wazee, lakini kwa uangalifu: mzee wa leo hakuuona mwaka 1871. Anachoweza kushuhudia ni vazi alilomwona nalo bibi yake, namna lilivyofungwa, na jina lake katika lugha ya nyumbani. Ushahidi huo ni wa thamani, mradi uandikwe ulivyo na usirudishwe nyuma kwa nguvu.

Hatua ya tatu: Kupima na kushona

Kipimo cha njia ya misafara kilikuwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, karibu sentimeta 46. Mikono 4 ilifanya shuka moja. Shuka 2 zilifanya doti. Na jora la merikani lilikuwa na yadi 30, yaani shuka 15. Kila mwanafunzi apime shuka yake kwa mkono wake mwenyewe. Itamtosha, nayo haitalingana na ya mwenzake. Ndipo darasa litakapoelewa kwa nini mnunuzi angependa kupimiwa na mtu mwenye mkono mrefu.

Tumia kitambaa cha pamba kisicho na nakshi. Kikiwa cheupe mno, kichemshe katika maji ya majani ya chai ili weupe ufifie. Piga bandi kwanza, kisha kunja pindo jembamba na ulishone kwa mkono. Cherehani za Singer zilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1850, lakini katika mchezo huu mshono wa mkono ndio unaofaa, hasa mahali unapoonekana. Kwa vazi la ngozi, chagua kitambaa kizito cha rangi ya udongo, kisichochanika, ukitie shanga kwa utaratibu.

Hatua ya nne: Darasani

Kabla ya mchezo kuanza, kila mwigizaji asimame aeleze vazi lake: kitambaa kilitoka wapi, kilifikaje, na ni kipi kilichokisiwa. Kisha msafara na mtawala wapatane hongo, na darasa lifanye hesabu ya shuka zilizobaki. Kwa njia hiyo historia, jiografia, hesabu na kazi za mikono zitakutana katika kipindi kimoja.

Uangalifu huo huo wahitajika kwa Liti, mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa msaada wa nyuki. Msichana atakayemwigiza asivishwe gunia, wala kitenge cha sherehe za leo. Avishwe vazi la heshima, lililo sahili, na daftari lionyeshe wazi yaliyokisiwa. Mtoto aliyejifunza kutenganisha ajualo na akisialo amepata msingi wa somo la historia.

Mazoezi

1. Msafara una majora 12 ya merikani. Ukilipa hongo ya doti 20, utabakiwa na shuka ngapi?
2. Chagua vazi moja la mkoa wako. Jaza daftari la safu mbili kabla ya kushika mkasi.
3. Mwanafunzi anacheka vazi la ngozi. Andaa maswali matatu ya kumfanya autambue ufundi uliomo, pasipo kumkaripia.