Somo: Kuulinda Mtandao wa Nyumbani

Wanachama wapenzi,

Baada ya mavuno, baadhi yetu hupeleka fedha za karafuu Bara, kwa watoto wetu wanaosoma katika vyuo vya Mbeya na Iringa. Watoto hao hupanga nyumba pamoja, watano au sita, wakachangia gharama ya intaneti moja. Jambo hilo ni jema, kwani hupunguza matumizi. Lakini lina khatari yake, nasi twaona yafaa tulieleze.

Mwaka 2009 waya wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam. Kutoka pwani, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano huichukua intaneti hadi Iringa na Mbeya, ukaendelea mpaka Tunduma, mpakani mwa Zambia. Mwisho wa safari hiyo ndefu ni kijisanduku kiitwacho ruta, ambacho huigawa intaneti kwa simu na kompyuta zote za nyumba.

Ruta ni mfano wa mlango wa ghala. Ghala la watu sita likiachwa wazi na mmoja wao, hupotea karafuu za wote. Mwizi akiingia katika ruta aweza kuigeuza njia, hata mtoto aandikapo jina la benki yake apelekwe penye ukurasa wa uongo. Asipokuwa mwangalifu atatoa mwenyewe namba zake za siri, na karo ya mwaka mzima ikapotea.

Basi yafanywe haya:

Kwanza, neno la siri la ruta yenyewe libadilishwe siku ile ile inapofungwa. Lile la kiwandani hujulikana na watu wengi.

Pili, neno la siri la waifai liwe jingine, refu, la herufi 15 au zaidi, wala lisiwe jina la mtu au namba ya simu.

Tatu, uchaguliwe ulinzi wa WPA3, uliotoka mwaka 2018, au WPA2 ikiwa ruta ni ya zamani kidogo. Ule uitwao WEP usitumiwe kabisa. Wataalamu waliuvunja tangu mwaka 2001.

Nne, njia ya kuunganisha kwa namba nane, iitwayo WPS, ifungwe, maana namba hizo zaweza kukisiwa kwa saa chache.

Tano, wageni wapewe mtandao wao mbali. Ruta nyingi zina nafasi hiyo. Mpangaji akihama, neno la siri libadilishwe.

Sita, programu ya ndani ya ruta ifanywe mpya kila kampuni inapotoa nyingine.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu aingiaye katika kompyuta ya mtu bila ya ruhusa. Lakini sheria humfuata mwizi baada ya kuiba.

Kwa hiyo, kabla ya kupeleka fedha za muhula ujao, kila mzazi amwulize mwanawe mambo mawili: nani alijuaye neno la siri la ruta yenu, na lini lilibadilishwa mara ya mwisho? Akishindwa kujibu, apelekewe somo hili.

Wassalaam,
Katibu