Jaji Telford Georges, Mgeni Aliyeaminiwa Mizani

Mtu wa Kisauni mwenye daawa akifika mahakama ya Shanzu, huenda akauliza kwanza: "Hakimu ni mtu wa wapi?" Liko swali kubwa kuliko hilo, nalo ni hili: "Je, atanisikiliza bila ya kumwogopa mtu?" Habari za jaji mmoja aliyefanya kazi kwa jirani zetu zatufundisha tofauti ya maswali hayo mawili.

Philip Telford Georges alizaliwa mwaka 1923 katika Dominica, kisiwa kidogo cha Bahari ya Karibi, ambako wenyeji wengi ni wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani. Alisoma Kanada, akawa wakili na kisha jaji huko Trinidad. Mwaka 1965 aliitwa Dar es Salaam kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, maana wanasheria Waafrika nchini walikuwa wachache mno.

Mwaka huo huo Tanzania ilifanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja. Watu wakauliza: Je, na mahakama zitaamriwa na chama? Georges alilieleza jambo hilo katika hotuba zake, ambazo zilikusanywa zikachapishwa kitabu mwaka 1973.

Mtihani mkubwa ulifika mwaka 1970, katika kesi ya kwanza ya uhaini nchini. Washtakiwa walikuwa saba, mmoja wao akiwa Bibi Titi Mohamed, aliyewaongoza wanawake wa TANU wakati wa kudai uhuru. Mshtaki alikuwa Serikali yenyewe. Georges alisikiliza ushahidi kwa miezi mingi, na mwaka 1971 akatoa hukumu. Hakuwatia wote katika kapu moja: wako waliofungwa maisha, na yuko aliyeachiliwa huru. Waliofungwa walipata kukata rufani mbele ya Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, ile ile iliyosikiliza rufani za Mombasa wakati huo.

Mwaka 1971 Georges aliondoka, na kiti chake kikashikwa na Augustino Saidi, mwananchi wa Tanzania. Baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Zimbabwe, kisha wa Bahamas. Alifariki mwaka 2005.

Basi, msomaji, ukiingia mahakamani usitazame tu asili ya hakimu. Tazama kama kila mmoja anapewa nafasi ya kusema, kama ushahidi unapimwa kwa kila mtu peke yake, na kama mlango wa rufani u wazi.