Somo la wiki: Msanifu majengo umtumie kwa kiasi gani?

Wafanyabiashara wengi wa Kilosa na Mikumi huweka faida ya mazao au ya duka katika nyumba. Kabla ya kuanza hujiuliza: je, msanifu anahitajika, au ramani ya kuazima na fundi mzoefu vinatosha? Jibu linategemea ni kosa gani ambalo halitarekebishika fedha zikishatumika.

Kazi ya msanifu, ambaye sheria humwita mbunifu majengo, inaweza kununuliwa kwa mafungu matatu: ushauri wa kiwanja, michoro, na usimamizi wa ujenzi. Si lazima kununua yote.

Kiwanja kwanza

Mji wa Kilosa uko kando ya Mto Mkondoa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto huo ulifurika, maelfu ya watu wakakosa makazi, na Reli ya Kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Nyumba iliyojengwa bondeni haiokolewi na ramani nzuri. Mtaalamu apelekwe kabla kiwanja hakijalipiwa.

Mikumi ina tahadhari yake, yaani barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Iringa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Anayejenga leo ndani ya eneo hilo ili awe karibu na wateja anajenga jengo la kuwekewa alama ya X, wala asitegemee fidia.

Upande wa tambarare ya Mkata kuna udongo mweusi, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Hapo msingi ni kazi ya mhandisi.

Hesabu ya mfano

Tuseme nyumba itagharimu shilingi milioni 40. Huduma kamili kwa ada ya asilimia 6 ni milioni 2.4. Michoro pekee kwa milioni 1, na ziara tatu za ukaguzi kwa 100,000 kila moja, ni milioni 1.3. Ikiwa msingi ni asilimia 15 ya gharama, kuujenga upya ni milioni 6, mbali na kubomoa na kodi ya miezi iliyopotea.

Uamuzi

• Nyumba ndogo ya chini, ardhi kavu, fundi anayeaminika: nunua ushauri, michoro na ukaguzi mara tatu, yaani kabla ya kumwaga zege la msingi, wakati wa lenta, na kenchi zikisimama kabla ya bati.

• Nyumba ya wageni au ghorofa: nunua huduma kamili, pamoja na mhandisi.

• Udongo mweusi au mteremko: anza na mhandisi hata kama nyumba ni ndogo.

Hakikisha msanifu amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na kibali cha halmashauri kitoke kabla ya kuchimba. Siku utakapotaka kuweka nyumba rehani, karatasi hizo zitaulizwa. Ukiwa na fedha ya fungu moja tu, nunua la kwanza: rangi hurudiwa, kiwanja hakihamishwi.